Mama Atapanda Gari la Nani

Mdogo wangu alianza kutafuta gari la likizo tangu mvua za Aprili, na likizo yenyewe ilikuwa Agosti. Yeye ni nesi huko Kanada, ameolewa na mtu wa huko, na hii ingekuwa mara ya kwanza kumleta mumewe nyumbani. Kila jioni alituma ujumbe wa sauti katika kikundi cha familia kwenye simu, akitaka maoni. Wakodishe gari Nairobi wajiendeshe wenyewe? Wachukue van yenye dereva? Mume alikuwa amesoma mahali kwamba kuna wageni wanaouzunguka Mlima Kenya kwa baiskeli, hilo tulilionaje? "Tukiwa Kenya tunataka kuwa free," alisema, na mimi nikaurudia ujumbe ule nisikie vizuri. Mtu aliyezaliwa Kianjokoma, akachuma chai na kamasi zikimtoka, sasa anaitaja Kenya kama vile sisi tunavyoitaja Dubai.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Meru, na naishi Kinoru, karibu na uwanja. Nina gari. Ni dogo, rangi yake ya fedha imekwisha kuwa kijivu, na kioo cha upande wa abiria kikishuka hakipandi mpaka ukisaidie kwa viganja viwili. Lakini ni gari, na kwa miaka mingi limekuwa gari la pekee katika nyumba ya mama yangu. Wajomba walitoa maoni, mashangazi wakatoa, binamu mmoja akapendekeza hata pikipiki. Hakuna aliyesema, "Si kuna gari la dada yake?" Mwishowe niliandika mwenyewe: "Na hii yangu je?" Mdogo wangu akajibu kwa kile kiuso kinachocheka hadi machozi.

Sikucheka. Niliweka simu kifudifudi, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Lazima nieleze hilo gari limefanya nini ndipo mtu anielewe. Mama ana presha, na kliniki yake iko Embu. Ni mimi ninayetoka Meru, nipite Chuka, nipande hadi Kianjokoma, nimchukue, nimshushe Embu, nimngoje kwenye benchi, nimrudishe. Matanga ya jamaa, ni mimi. Harambee ya kanisa, ni mimi na magunia ya viazi kwenye kiti cha nyuma. Mdogo wangu hupiga simu akiwa ndani ya basi huko kwake na kuuliza, "Mum alikunywa dawa?" Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini inajua sana kuuliza nyoka amefikia wapi.

Halafu kulikuwa na Timau. Mama alizaliwa huko, upande ule mwingine wa mlima kwenye baridi, ambako baba yake alifanya kazi katika shamba la ngano la Mzungu. Walishuka kurudi Embu akiwa msichana mdogo, na hakuwahi kurudi tena. Nilipokuwa mtoto alikuwa akisimama mlangoni asubuhi, anautazama Mlima Kenya ukiwa wazi juu ya mashamba ya chai, na kusema, "Huu si ule wa Timau. Ule una uso mwingine." Alitaka kuuona huo uso kabla hajafa. Nilikuwa nimemwambia nitampeleka, na ningempeleka. Nataka hilo lieleweke. Timau ilikuwa yangu.

Basi siku moja ya Julai ikaja sauti ya mdogo wangu kwenye simu, changamfu, akisoma mipango yao kama mtangazaji. Jumatatu mbuga, Jumanne jioni kufika kwa Mama, Jumatano kupumzika. "Na Alhamisi tunampeleka Mum Timau!"

Sitapamba nilichokihisi. Ulikuwa wivu, wivu mtupu, ule wa mtoto aliyemwona mwenzake akipewa sehemu ya nyama aliyokuwa ameichagua kwa macho.

Walikuja na gari la kukodisha, refu, jeupe, lenye magurudumu makubwa, na juu ya paa lilikuwa na hema lililokunjwa. Jioni mume alivuta kamba fulani, hema likafunguka, ngazi ikashuka, na kukawa na chumba cha kulala juu ya gari katikati ya kiwanja cha mama yangu. Watoto wa jirani walipanda juu ya ua kuangalia. Ndani ya gari, nusu ya kiti cha nyuma ilikuwa imejaa friji, jiko, na viti vya kukunja vyenye mahali pa kuwekea kikombe.

Nilidhani Mama atachukia. Kwetu mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Hawapeani mikono ovyo, hawabanani kiti kimoja, na bibi zetu walikuwa wakimwona mkwe njiani wanaingia shambani hadi apite. Mume wangu mimi, Mmeru mwenye adabu zake, mara ya kwanza kuja kwetu akiwa mkwe alipelekwa kulala lojingi Runyenjes, akaumwa na kunguni, na hakuna aliyemsifu. Huyu mgeni alilala juu ya gari kwa sababu aliona ni raha, na asubuhi Mama aliwaambia wanawake waliokuja kuchungulia, "Mkwe wangu anajua heshima. Amekuja na nyumba yake kichwani." Wakampigia vigelegele. Yeye akatoa kichwa nje ya hema, nywele zimesimama, akasema "Shikamoo, mama" aliyoifundishwa na simu yake. Huku kwetu hakuna anayeamkia hivyo. Mama akamjibu, "Asante."

Mimi nilikuwa nimefika jioni ileile na gari langu, nikaliegesha nyuma ya lile jeupe. Sikuwa nimeitwa. Shule zilikuwa zimefungwa na nilikuwa na haki ya kuwa kwa mama yangu. Siku hiyo ya Jumatano nilishinda nikikata sukumawiki na kutafuta njia.

Njia niliipata wakati wa chai ya jioni. Tulikuwa jikoni kwa Mama, moto unawaka, mume wa mdogo wangu amekaa mlangoni kwenye kigoda, miguu yake imefika nje. Mdogo wangu alikuwa anapanga nani atakaa wapi kesho. Yeye na mumewe mbele, Mama nyuma kando ya friji, na mimi, akasema, "Siz, wewe si unaweza tufuata tu?"

"Hiyo haiwezekani," nikasema.

"Kwa nini?"

"Mum hawezi kaa na mkwe wake kwa gari moja, masaa matatu, magoti kwa magoti. Watu wa hapa wataonaje? Na vile amemsifu."

Mdogo wangu alicheka. "Haki wewe! Hiyo ni story ya kitambo. Si tuliokoka?"

"Heshima haiokoki," nikajibu, na nilijiona nimesema jambo kubwa. Nikamgeukia mgeni, nikamweleza kwa Kiingereza cha darasani mila hiyo yote, hadi bibi walioingia shambani. Alisikiliza macho yakiwa wazi. Alisema hangependa kumkosea mama hata kidogo. Nilimpenda kwa dakika hiyo moja. Mpango wangu ulikuwa umeiva: wao wawili waende na gari lao na friji lao, na Mama akae mbele kwangu, mahali pake, na mimi nimfikishe Timau kama nilivyosema.

Tukamwangalia Mama. Alikuwa anamimina chai, na alimaliza kumimina kwanza.

"Anachosema mwalimu ni kweli," akasema. Hivyo ndivyo anavyoniita tangu nilipopata kazi. Roho yangu ilitulia. Halafu akampa mdogo wangu kikombe. "Basi mkwe apande na mwalimu. Mimi nitapanda na huyu. Si unajua kuendesha?"

"Najua, mum," mdogo wangu akasema, na hakunitazama, ndivyo nilivyojua kwamba anajizuia kucheka.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi niliingia na Mkanada.

Asubuhi ya Alhamisi tuliondoka. Mama alikuwa amevaa sweta yake ya Krismasi na kitambaa cha kichwa cha maua mekundu, na alipandishwa kwenye gari jeupe kwa kusukumwa kidogo kiunoni, maana lilikuwa juu. Aliketi mbele. Mimi nikafuata nyuma na shemeji yangu, ambaye magoti yake yalikuwa yanagusa dashibodi na mwili wake umeegemea mlango. Kupitia kioo chao cha nyuma, juu ya friji, niliona kile kitambaa chekundu kikigeuka kwa mdogo wangu, kikitikisika, kikigeuka tena. Mama alikuwa anaongea. Kutoka Runyenjes hadi Chuka hakunyamaza. Kwenye gari langu huongea mpaka lami ianze, halafu anafumba macho. Nikawa najiuliza wanaongea nini. Nikajiuliza kama wananisema. Halafu nikaona vibaya zaidi kwamba labda hawanisemi kabisa.

Mdogo wangu aliendesha polepole, amebana katikati ya barabara, breki kila kona. Malori ya ndizi yalimpita. Hilo lilinipa raha ndogo, nikaitafuna hadi mto Mutonga.

"Hajaendesha kwa muda," shemeji akasema, kana kwamba amesikia mawazo yangu. Tulikuwa tunaongea Kiingereza, na yeye aliongea taratibu kwa ajili yangu, bila kuhitaji. "Kwetu hatuna gari. Tunapanda basi."

"Hamna gari?"

"Hatujawahi kuwa nalo. Mimi nilitaka tuzunguke kwa baiskeli. Halafu nikataka van yenye dereva, ili sote tuangalie nje. Yeye alikataa kabisa. Alisema, dada yangu ana gari lake, anaendesha mwenyewe, siwezi kurudi nyumbani nikiwa nimebebwa." Akacheka. "Tulizungumza juu ya gari lako miezi yote hiyo."

Tukapita Nkubu. Ningesema nilimhurumia mdogo wangu, ingekuwa vizuri kwa hadithi, lakini nilichosikia ni furaha. Ile furaha ya kukuta kwamba mtu unayemwonea wivu amekuwa akikutolea macho kutoka ng'ambo ya bahari, kwa sababu ya gari ambalo kioo chake hakipandi. Nilianza kuimba puani wimbo wa kanisa. Nilimwonyesha shemeji Kinoru tulipopita Meru mjini, nikamwambia kile kijumba chenye tangi jeusi ni changu. Nilikanyaga mafuta kidogo zaidi ya inavyofaa.

Hapo ndipo nilipoharibu. Barabara ya kutoka Meru hadi Subuiga hupanda tu, inapanda mpaka masikio yanaziba, na gari langu haliko tayari kwa furaha ya namna hiyo. Mshale wa joto la injini ulipanda hadi mwisho. Mvuke ukaanza kutoka mbele, nikaegesha kando ya shamba la viazi. Gari jeupe lilipinda kona na kwenda. Nilipiga honi. Nilipiga simu ya mdogo wangu, ikaita ndani ya mkoba wake, ambao mumewe alikuwa ameuweka kwenye kiti changu cha nyuma.

Tulingoja injini ipoe. Shemeji alimimina maji yake ya kunywa, yote, kwenye rejeta, na akasimama kwenye upepo na kaptura yake bila kulalamika. Kwa jinsi nilivyokuwa na hasira, ningependa kama angelalamika. Nilikuwa nawaza jambo moja: huko mbele Mama anashuka. Huko mbele anakanyaga udongo wa Timau, anaangalia juu, na aliye kando yake si mimi.

Tulipofika, ndivyo ilivyokuwa. Niliona gari jeupe kutoka mbali, limesimama kwenye nyasi kandokando ya ngano. Ngano ilikuwa imekomaa, inaenda hadi macho yanapokomea, na upande wa chini kulikuwa na nyumba za plastiki za mashamba ya maua, nyeupe, moja baada ya nyingine, mahali Mama aliposema palikuwa na laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi. Hakukuwa na laini. Mdogo wangu alikuwa chini kule kwenye ua wa waya, anamuuliza askari wa geti kama kuna mtu anayekumbuka. Shemeji alishuka akanyoosha miguu, akamfuata mkewe, akipita mbali na Mama kwa heshima, kama nilivyomfundisha.

Mama alikuwa peke yake. Alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha kukunja, kikombe chake cha chai ya thamosi kimewekwa kwenye kile kitundu cha mkono, blanketi la hema mabegani. Alikuwa anatazama mlima. Mlima haukuwepo, kulikuwa na ukuta wa mawingu kutoka msituni hadi juu.

"Umeuona?" nikamuuliza.

"Tulipofika ulikuwa umefunguka kidogo. Kilele kimoja. Halafu ukajifunika." Alitabasamu. "Ni ule. Uso ni ule."

Nilisimama pale na mikono inayonuka rejeta. Nilikuwa nimechelewa kuuona uso wa Mama alipouona ule wa mlima. Niliuliza tu, maana swali hilo nilikuwa nalo tangu jana, "Mama, kwa nini hukupanda langu?"

"Lako lilikuwa na mkwe."

"Ungesema unataka langu, ningetafuta njia."

Mama alichukua kikombe, akanywa kidogo, akakirudisha kwenye kitundu chake kwa uangalifu, kwa sababu kilikuwa kitu kipya na alikuwa anakifurahia. Nayasema kwa Kiswahili aliyoyasema kwa Kiembu.

"Wewe ulisema utanileta," akasema. "Huyu alisema Alhamisi."

Sikukubali. Nilimwambia yote. Nilimuuliza ni nani humpeleka Embu kwa daktari. Ni nani aliyempeleka kumzika dada yake mvua ikinyesha na barabara imekatika. Ni nani hubeba viazi vya harambee. Nilisema kwa sauti, na nilisema basi la Kanada halijawahi kumfikisha hata Runyenjes.

"Ni wewe," Mama akasema. "Ni wewe, mwalimu. Nani amekataa?" Akavuta blanketi. "Lakini huko kote ni lazima niende. Hata usipokuja, nitaenda, hata kwa bodaboda. Huku hakukuwa na lazima. Huku nilipenda tu."

Upepo ulipita juu ya ngano ukatufikia. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine mengi, na yote yalikuwa juu ya hospitali. Nilichuchumaa kando ya kiti chake. Nilimwonea mdogo wangu wivu mwingine hapo, mpya, ambao haukuwa na gari ndani yake, na ulikuwa unauma kuliko ule wa kwanza.

"Kuna mahali pengine?" nikauliza. "Unapopenda tu?"

Mama aligeuka akanitazama sawasawa, kana kwamba nimemwita kwa jina lake la ubatizo. Halafu akaanza kufikiria. Chini kule mdogo wangu alikuwa amemaliza na askari, sasa anapanda kuja kwetu kwenye nyasi, anatupungia mkono, mumewe nyuma yake.

"Sema, Mama."

"Wacha nifikirie."

"Sema basi kabla hajafika."

"Usiniharakishe," Mama akasema. "Sijawahi kuulizwa."